Kando ya Pampu Namba Mbili

Candiru, kabla hujavaa hilo koti la kampuni,
njoo usimame hapa nilipo. Kando ya pampu,
si katikati. Katikati una ukuta mgongoni,
na ukuta haujawahi kumtetea mtu.

Wamekufundisha kusoma mita. Vizuri.
Sasa soma mikono.
Mdomo wa saa saba usiku husema lolote,
hutukana, huomba, huapa kwa mama;
mkono hauwahi kudanganya upesi hivyo.
Anayevua saa akaitia mfukoni
hajachoka kujua wakati.
Anayetazama nyuma yako, kisha nyuma yako tena,
anahesabu mashahidi.
Mpayukaji, kifua mbele, kofia ikimwanguka,
huyo mara nyingi anaomba kushikwa
ili kesho aseme, "Wangeniachia!"

Mwogope aliyenyamaza ghafla.

Juzi, mvua ikinyesha Arua nzima,
Onzima wa boda alisema nimempunja:
ametoa elfu kumi, nimemtilia ya saba.
Nyuma yake lori la Koboko likipiga honi, likimtia pilipili.
Akanyamaza.
Akainua kiti cha pikipiki, akatoa spana.

Sikumwambia tulia.
Hakuna aliyewahi kutulia kwa kuambiwa tulia.
Nilifungua viganja kama mtoto anayeonyesha amenawa,
nikarudi hatua moja, ubavu ubavu,
nikamwachia njia ya kwenda zake.
"Onzima," nikasema, na jina nikalitamka polepole,
"mashine hii nayo ina wazimu wake.
Wewe ndiye unayelijua tangi lako. Nisaidie, tupime."
Akainama na tochi ya simu, akaanza kupiga hesabu.
Mtu hawezi kuhesabu na kupiga kwa pumzi moja.
Spana ikawa spana tu.

Elfu tatu nilizitoa kwangu.
Meneja akasema ninawadekeza wateja.
Meneja hulala saa tatu.

Unauliza nilisomea wapi.
Miaka sita, Candiru, nilisoma viatu vya mtu mmoja.
Vikigonga kizingiti, chakula kiwe mezani.
Vikiburuzwa, watoto wapitie nyuma, kwa mama Adiru.
Nilijua uzito wa usiku mzima
kwa namna alivyoweka funguo juu ya kabati.
Siku niliyoondoka sikubishana, sikulia.
Nilisema naenda kuchota maji.
Jerikani lile ninalo mpaka leo.

Lakini usije ukadhani macho haya hayakosei.
Kuna mmoja alikuja kwa miguu, ngumi zimekazwa,
taya linatafuna hewa, anazunguka pampu ya kwanza
kama mbwa asiyejua alale wapi.
Nikasogea penye taa. Kidole gumba kwenye namba ya mlinzi.
Alipofika alifungua ngumi:
sarafu nne za mia tano, zimelowa jasho,
na chupa ya maji iliyokatwa shingo.
Mkewe alikuwa juu ya pikipiki iliyozimika barabarani,
uchungu umeshamshika.
Nilimjazia mpaka chupa ikamwagika,
na mkono wangu mimi ndio uliotetemeka.

Hata hivyo, ningesimama tena pale penye taa.
Radhi nilimwomba, alinipa.
Wapo wasiosubiri kuombwa kitu.

Haya, vaa koti.
Hilo tundu la mfukoni usilishone:
ufunguo wa sanduku hupenya hapo hadi kwenye bitana,
na wote waliowahi kunipekua
waliishia mfukoni.

Ona, taa zinakuja kutoka upande wa Vurra.
Zimepungua. Zimesimama kabla ya kufika.
Mmoja ameshuka, mlango ameuacha wazi.
Usinitazame mimi.
Niambie umeona nini.